Kijani cha Shemeji

Gari lile nililinunua kwa Mzungu mmoja mnunuzi wa pamba aliyekuwa anarudi kwao, na kwa wiki tatu lilikuwa gari zuri. Nasema wiki tatu kwa sababu wiki ya nne nilimpa shemeji yangu ufunguo.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya teritware, yaani wilaya ya Wabelgiji, Fizi, huko juu milimani. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho, na watu weusi wenye gari katika teritware nzima ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango miwili, la kijani kilichokolea kama majani ya muhogo baada ya mvua. Siku ya kwanza nililiosha mara mbili. Siku ya pili mke wangu aliniuliza kama na yeye akijimwagia maji pale uani nitasimama kumtazama muda mrefu namna ile.

Shemeji alikuwa kaka mkubwa wa mke wangu. Aliishi Baraka, huko chini kwenye ufuko wa ziwa, akitengeneza boti: kuziba nyufa, kubadilisha mbao zilizooza, kupaka rangi. Baba yao alikufa mapema, kwa hiyo siku tulipokwenda kuposa ni yeye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Angeweza kutukatalia, na sababu alikuwa nazo, maana wakati ule sikuwa na kazi wala viatu vya kueleweka. Hakukataa. Tangu siku hiyo mimi kwake nilikuwa mtu wa sauti ya chini. Akiwa amesimama, sikai. Akisema jambo, nasema ndiyo, kisha naenda kunung'unika mbali.

Jumapili moja tulikuwa kwake, tumekula, akanyoosha mkono.

"Shemeji, nipe ufunguo. Nataka kufika Mboko, iko mbao zangu kule. Nitarudi mbele ya saa kumi."

Nilimwangalia mke wangu. Mke wangu aliangalia sahani.

"Shemeji unaendesha?" niliuliza, kwa adabu yote.

Alicheka. "Mi nilikuwa dereva ya jeshi. Myaka tano. Kamyo kubwa-kubwa. Hii yako ni kama baiskeli."

Nikampa. Saa kumi zikapita, saa kumi na moja zikapita, kisha tukasikia gari likija kwa sauti kama ya mtu anayekwangua chungu. Alishuka akitabasamu. Upande wa kulia wote, kuanzia bawa la mbele linalofunika gurudumu hadi mwisho wa mlango, bati lilikuwa limebonyea na rangi imechunwa mpaka chuma cheupe kinaonekana. Ni daraja dogo la upande wa Lusenda, alisema. Daraja lilikuwa jembamba kuliko alivyolikumbuka.

"Usijisumbue, shemeji. Ni rangi tu njo imetoka."

Nilisema nitalipeleka gari mjini Usumbura, kwenye garaji. Alikasirika kweli, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

"Juu ya nini Usumbura? Mi niko hapa! Kila siku napaka boti. Kosa ni yangu, mi njo nitatengeneza, na kwa mukono yangu. Unataka bantu baseme nimeharibu motokari ya shemeji yangu, halafu nikakimbia?"

Nifanye nini? Nikasema ndiyo.

Alifungua bawa, akafungua mlango, akavibakisha kwake Baraka. Mimi nikapanda Fizi na gari lenye jicho moja na ubavu mmoja. Gurudumu la kulia lilirusha matope yote juu ya kiti cha abiria, na mke wangu, aliyekuwa amevaa kitenge chake kipya, alifika nyumbani anafanana na mtu aliyefyatua matofali. Tangu hapo alikataa kukanyaga ndani ya gari. Ofisini wenzangu walilifurahia sana. Mmoja aliniuliza kama ule ni mtindo mpya wa Ulaya, wa kuingiza hewa.

Jumamosi iliyofuata niliteremka Baraka. Nilimkuta shemeji ameshanyoosha bati kwa nyundo ya mbao ile ya boti, na, niseme haki, alilinyoosha vizuri. Alikuwa amelaza mlango juu ya magogo mawili, katikati ya uwanja, na anaupaka rangi kwa brashi. Ilikuwa rangi ya boti. Kijani, ndiyo, lakini kijani cha boti, kile kinachoelekea buluu. Nywele za brashi zilikuwa zimeacha mistari mirefu, kama shamba lililolimwa matuta.

"Shemeji," nilisema, "hii si kijani ya gari."

"Ikikauka itageuka."

"Itageuka namna gani?"

"Kila rangi inageuka ikikauka. Mi najua rangi."

Pembeni, hatua kumi tu kutoka pale, jirani yake alikuwa ameanika unga wa muhogo juu ya mikeka. Upepo wa ziwa ulipoanza, kama unavyoanza kila siku baada ya saa nne, uliinua unga ule taratibu na kuuleta juu ya mlango wangu. Nilikimbia kuufunika mlango kwa shati langu. Shati likaganda. Nilipolibandua liliacha alama ya vifungo vyote vitano, na mfuko.

Jirani alikuja kutazama, mikono kiunoni. "Mungesema," alituambia, "ningeanika fasi ingine. Sasa unga yangu iko na harufu ya petroli."

Hapo ndipo nilipojua kwamba rangi ilizimuliwa kwa petroli ya taa, ili itoshe.

Wiki moja baadaye niliteremka tena. Mlango ulikuwa bado juu ya magogo. Nilibonyeza kidole gumba, kikazama kidogo na kuacha chapa yake, safi kama tunavyochukua ofisini kwa wasiojua kuandika. Kuku alikuwa amepita juu yake pia, kutoka kwenye kitasa hadi kwenye dirisha, na alionekana kuwa hakufanya haraka.

"Haiko kavu, shemeji."

"Inakauka polepole. Njo rangi ya boti ilivyo."

"Boti huwa inakauka siku ngapi?"

Alifikiri. Nakumbuka alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Boti inaingia mu maji," alisema.

Nilikwenda kusimama ufukweni peke yangu. Niliangalia maji kwa muda, kisha nikarudi nikasema, kwa sauti ile ya chini, kwamba labda tujaribu rangi ya magari yenyewe. Alikubali mara moja. Alisema ndilo wazo lake tangu mwanzo.

Nilimwagiza dereva mmoja wa kamyo, lori la mizigo, aliyekuwa akipita Uvira hadi Usumbura kila juma. Nilimpa kipande cha bati chenye rangi ya gari ili dukani wamtafutie inayofanana. Alirudi na mkebe mmoja wa rangi na chupa ya maji makali ya kuizimulia, ambayo harufu yake ilitoa machozi hata kabla ya kufunguliwa. Akanipa na maelezo.

"Banasema hii haipakwi na brashi. Inarushwa na pompi, kama mvua kidogo-kidogo. Inakauka mbio sana, mbele ya kusema nusu saa."

"Vizuri. Hakuna kingine?"

Alijikuna kichwa. "Iko kintu ingine balisema, ya maana sana. Nimeisahau."

"Kumbuka basi."

"Ikirudi mu kichwa nitakuambia."

Pompi ya rangi hatukuwa nayo, wala hakuna aliyekuwa nayo kuanzia Fizi mpaka Uvira, nadhani. Shemeji aliuliza kama nyumbani tuna pompi ya dawa ya mbu, ile ya kusukuma kwa mkono, yenye kopo la bati mbele. Tulikuwa nayo. Mke wangu alikuwa ameinunua kwa fedha zake na kuitunza juu ya kabati. Nilimwomba. Aliniuliza swali moja tu, akimtaja kaka yake kwa jina la heshima: "Yaya atanirudishia?" Nikasema ndiyo. Siku hizo nilikuwa nasema ndiyo kwa kila mtu.

Shemeji aliiosha pompi kwa esanse, mafuta ya gari, akaijaza rangi, akaanza kusukuma. Na hapo, kwa muda wa kama dakika mbili, nilifurahi. Rangi ilitoka kama moshi na kulala juu ya mlango laini, inang'aa, kijani chenyewe, kijani cha jani la muhogo. Shemeji alinitazama akasema, "Unaona?" Nilikuwa nafungua kinywa kumshukuru. Kisha mlango ukaanza kusogea. Sisemi uongo. Rangi ilijikunja mbele ya macho yetu, kwanza pembeni, halafu katikati, kama utando wa maziwa ya moto unapousogeza kwa kijiko, mpaka mlango wote ukawa na makunyanzi ya uso wa bibi kizee. Chini yake ile rangi ya boti ilikuwa imechemka na kuinuka.

Shemeji aligusa kunyanzi moja kwa kidole.

"Ah," alisema shemeji mwishowe. "Sasa nakumbuka. Hata mu jeshi ilikuwa inafanya hivi."

Nikamwuliza mu jeshi walikuwa wanafanyaje ikifanya hivi. Alisema walikuwa wanaanza upya.

Basi tukaanza upya. Ila safari hii shemeji aliamua kwamba tatizo ni Baraka: mchanga, upepo, kuku, unga wa watu. Kazi ya rangi inataka mahali patulivu. Fizi ni patulivu. Kwa hiyo alifunga kazi yake ya boti, akapanda kamyo na mlango na bawa, akaja kukaa kwetu. Alisema siku tatu.

Alikaa karibu mwezi. Mlango ulilazwa juu ya meza yetu ya chakula, chini ya kibaraza, na sisi tukala mikekani. Karatasi za msasa zilipokwisha alikwenda porini kuleta majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza, na kuanzia asubuhi hadi jioni nyumba yetu ilikuwa na sauti moja tu: kwaru, kwaru, kwaru. Vumbi la kijani lilikuwa kwenye maji ya kunywa, kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwenye nywele za watoto. Kisu kizuri cha mke wangu cha kumenyea muhogo kilikwanguliwa rangi mpaka kikawa butu kama kijiko. Jioni, nikirudi kutoka biro, yaani ofisini, nimechoka, shemeji alinikaribisha nyumbani kwangu, akakaa kwenye kiti changu, akanieleza kuhusu jeshi. Jinsi kamyo za jeshi zilivyopakwa. Jinsi alivyoteremka mlima mmoja bila breki. Na mimi nimesimama, kwa sababu kiti kingine kilikuwa kimebeba bawa la gari.

Yule dereva wa Usumbura alipita siku moja na kunikuta ofisini. Alikuwa anacheka kwa furaha.

"Imerudi mu kichwa! Banasema usipake hii rangi juu ya rangi ya mafuta. Itajikunja."

Nilimshukuru.

"Na ya pili," alisema, akiwa anaondoka, "usipake siku ya..." Mtu akamwita kutoka nje kuhusu mizigo yake, akatoka mbio. Sikumwona tena kwa wiki mbili.

Chuma kiliposafishwa kikawa cheupe chote, kikapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu na kukauka vizuri, shemeji alichagua siku. Alichagua asubuhi ya ukungu. Anayeijua Fizi anajua ninasema nini: kuna asubuhi ambapo huoni nyumba ya jirani, na nguo zilizoachwa nje zinadondosha maji. Shemeji alisema ndiyo siku nzuri hasa, kwa kuwa ukungu unalaza vumbi. Nilikuwa nimevaa tayari kwenda kazini. Nilisema, "Shemeji, labda tungoje jua." Aliniangalia kwa huruma. Akasukuma pompi.

Rangi ililala vizuri. Haikujikunja. Ilikauka haraka kama tulivyoambiwa, na kadiri ilivyokauka, ilikuwa inageuka nyeupe. Weupe ulitokea ndani ya rangi yenyewe, kama pumzi juu ya kioo, isipokuwa pumzi hutoka ukiifuta. Hii nilifuta kwa leso yangu, kwa mkono wa koti langu, na haikutoka. Mlango wangu ulikuwa umeota ukungu.

"Mu jeshi..." alianza shemeji.

"Jeshi gani?" nilisema.

Aligeuka, pompi mkononi.

"Jeshi gani hiyo?" Sauti yangu ilikuwa juu, niliisikia mimi mwenyewe kama sauti ya mtu mwingine. "Jeshi gani inafundisha bantu kupaka hivi? Dereva gani wa jeshi haoni daraja? Miezi miwili, shemeji! Miezi miwili natembea na motokari bila mulango, bantu banacheka, bibi yangu hapandi, tunakula chini kama bageni, na kila siku jeshi, jeshi, jeshi! Hujui rangi! Hujui rangi na hujui kuendesha!"

Mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Jirani wa kushoto alikuwa ametoka, na wa kulia pia. Shemeji aliiweka pompi chini polepole, wima, kama mtu anayeweka yai. Alifuta mikono. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi chake na kofia. Mbele yangu alisimama kidogo, na nilidhani atanipiga, na ningefurahi angenipiga. Alisema tu, "Aksanti kwa chakula." Kisha akashika njia ya kuteremka Baraka, kwa miguu, ndani ya ukungu ule.

Kutoka Fizi hadi Baraka ni mwendo wa siku nzima kwa mguu, na yeye hakuwa kijana.

Siku ile mke wangu alipika kama kawaida. Chakula aliniwekea, lakini alikiweka kama mtu anayewekea mbwa wa jirani. Siku ya pili, nilipokuwa nimekaa kwenye kiti changu nilichokipata tena lakini hakikunifurahisha, alikuja kusimama mbele yangu.

"Ulisema hajui kuendesha."

"Nilikasirika."

"Hajui kweli," alisema. "Hajawahi kuwa dereva. Mu jeshi alikuwa muntu wa kuosha kamyo."

Nilimwangalia. "Na wewe ulijua?"

"Kila muntu anajua. Baraka yote banajua."

"Siku ile anaomba ufunguo, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Juu ya nini hukuniambia?"

Alinijibu kama vile mimi ndiye mtoto asiyeelewa. "Niseme nini? Mbele yake? Mu nyumba yake? Ni yaya yangu. We njo mwenye motokari, ungesema hapana."

"Siwezi kumwambia hapana!"

"Na mi ningeweza?"

Tulitazamana. Nadhani ndiyo mara pekee katika ndoa yetu ambapo tulikuwa na hasira sawa, kwa jambo moja, na hakuna wa kulaumiwa aliyekuwepo pale.

Jumamosi nilipakia mlango na bawa kwenye gari, nikachukua kuku mmoja na chupa ya asali, nikateremka. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilimkuta chini ya banda lake la makuti, amelala chali chini ya boti iliyoinuliwa, anaziba ufa. Miguu tu ndiyo ilionekana. Nyayo zilikuwa zimefungwa vitambaa.

"Shemeji," nilisema, "nimekuja kuomba musamaha."

Miguu haikusogea. Aliendelea kugonga kidogo, kisha akaacha.

"Dada yangu amekuambia," alisema kutoka chini ya boti.

"Ameniambia."

"Kuosha kamyo, alisema?"

"Ndiyo."

"Hapana," alisema. "Kuosha ilikuwa myaka ya mwisho. Mbele ya kuosha nilikuwa napaka mawe."

Sikuelewa.

"Mawe ya njia. Mu kambi. Banapanga mawe huku na huku ya njia, na kila wiki lazima yapakwe chokaa, yakuwe meupe. Mvua ikinyesha, unapaka tena. Mkubwa akija, unapaka tena. Myaka tatu, shemeji. Mi na brashi na mawe." Alitoka chini ya boti na kuketi, ana vumbi la mbao kwenye nyusi. "Nikarudi nyumbani. Bantu bananiuliza, ulifanya nini mu jeshi? Ungesema nini?"

Niliketi mchangani. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi mbele yake bila kungoja anikaribishe, naye alisogeza nyundo yake kunipa nafasi.

"Lile daraja," alisema, "nilifunga macho."

"Ulifunga macho?"

"Kidogo tu."

Wallahi nilitaka kulia, na nilitaka kumkaba, na kicheko kilikuwa kinanipanda kooni nisiweze kukizuia. Alinitazama kwa hofu kwanza. Kisha na yeye akaanza. Tulicheka mpaka jirani mwenye unga wa muhogo akaja kuchungulia tena, mikono kiunoni, na kuuliza kama ile petroli tumeanza kuinywa.

Dereva wa Usumbura alikuwa amepumzika Baraka siku ile, na nilimtafuta mwenyewe, nikamshika mkono, nikamkalisha chini, nikamwambia haondoki mpaka amalize ile sentensi. "Usipake siku ya unyevu," alisema, akishangaa kwa nini nina macho vile. "Hewa ikiwa na maji, rangi inaota weupe. Ukisugua juu-juu na kupaka tena siku ya jua kali, inarudi."

Tulifanya hivyo. Tulifagia banda la boti, tukamwagia maji mchanga wote na kuungoja unyonye mpaka hewa ikauke, tukatundika nyavu kuukuu za uvuvi na mashuka kuzunguka pande zote. Jirani aliombwa kwa heshima asianike, na alikubali kwa sharti kwamba kuku niliyemleta abaki kwake. Tulianza baada ya umande, kabla ya upepo. Nilishika mlango wima, shemeji alisukuma pompi. Hakusema neno lolote kuhusu jeshi. Alikwenda kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, mkono umetulia, umbali ule ule, bila kurudi palipokwisha kupakwa. Nilimwangalia nikafikiri kwamba mtu aliyepaka mawe miaka mitatu hawezi kukosa mkono. Alichokosa ni mtu wa kumwambia ni rangi gani na siku gani.

Ilitoka vizuri. Sitasema kama ya garaji. Kulikuwa na machozi mawili ya rangi chini ya kitasa, na nzi mmoja mdogo ambaye yuko humo mpaka leo kama gari lile lingalipo popote. Na kijani, ole wangu, hakikuwa kile kile. Kile cha zamani kilikuwa kimepauka kidogo kwa jua la miaka, na mimi kwa mapenzi sikuwa nimeona, na hiki kilikuwa kipya, kwa hiyo ukilitazama gari kutoka mbele ungesema ni magari mawili yaliyooana.

Nilipofika Fizi, mkubwa wa ofisi, Mbelgiji mmoja mrefu mwenye haraka, alinikumbusha kwamba karatasi za magari yote zinahakikiwa upya, na langu pia. Karani wa kujaza karatasi hizo nilikuwa mimi. Niliketi mbele ya mashine ya chapa, nikapiga kila kitu, nikafika kwenye mstari wa rangi, nikakwama. Mkubwa alikuja akaniuliza nangoja nini. Nilimweleza. Alitoka nje, nami nyuma yake, akalizunguka gari mara mbili, akainama kwenye mlango wa kulia, akapitisha kiganja.

"Nani alipaka huu?" aliuliza.

"Shemeji yangu, bwana. Ndugu ya bibi yangu."

"Huu ni mzuri. Mwambie apake na upande ule mwingine, unaonekana mchafu."

Akarudi ndani. Nami nilibaki pale juani, nikimtazama mke wangu aliyekuwa amekuja kunichukua ili twende sokoni, kwa kuwa sasa mlango ulikuwepo na alikubali kupanda.

"Alisema nini mukubwa?" aliuliza.

"Hakusema kitu," nilimjibu. "Panda. Na ukimwona yaya yako, na wewe hukusikia kitu."